Trauti Hutoweka Jua Likipanda

SWALI: Mhariri, mimi huvua ziwani kwa ndoana zilizofungwa manyoya mfano wa wadudu. Alfajiri samaki aina ya trauti hudonoa karibu na uso wa maji, lakini jua likipanda hutoweka, ilhali samaki wengine, besi, huendelea kushika chambo. Je, nibadilishe chambo?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kubadilisha chambo, badilisha kina. Trauti hupenda maji baridi yenye oksijeni nyingi, na kwa kuwa maji yakipata joto hubaki na oksijeni kidogo, samaki huyo hushuka chini tabaka la juu linapopashwa na jua. Tumia mshipi unaozama, uhesabu sekunde unapozama kabla ya kuuvuta, kisha uongeze hesabu kidogo kidogo hadi utakapomfikia. Chambo kinachofanana na buu, kikivutwa polepole sana, ndicho ninachokiamini zaidi. Besi hustahimili joto na hujificha penye magugu na magogo.

Nakuomba jambo moja: maji yakizidi nyuzi 20 za Selisiasi, waache trauti kabisa, kwani anayechoka mshipini katika joto hilo anaweza kufa hata baada ya kuachiliwa.