Nani aliurusha mkono?

SWALI: Shikamoo daktari. Nauza vitumbua Tanga. Juzi niligusa kikaango cha moto, mkono ukaruka kabla sijasikia maumivu. Nani aliuamuru?

JIBU: Marahaba, binti. Si ubongo. Habari ya moto ilipita kwenye neva (mishipa ya fahamu) hadi uti wa mgongo, na amri ya kurusha mkono ikatoka hapohapo. Ubongo ulipewa taarifa baadaye, kama mwenye nyumba anayeamka na kukuta mwizi keshafukuzwa. Maumivu nayo huja mara mbili: kwanza mchomo mkali, kisha ule wa kuwaka, ambao habari yake husafiri kwenye neva takriban mita 1 tu kwa sekunde. (Mimi pasi ya moto imenifundisha.) Siku nyingine ukiungua, weka mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Dawa ya meno iache kwenye mswaki.