Bamia zangu zimekuwa kamasi ndani ya friza, tatizo nini?

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mie niko Wete, nina matuta yangu nyuma ya nyumba na safari hii mboga zimeshika mashaallah, nagawia majirani na bado zinabaki, na sokoni bei imeshuka hailipi hata nauli ya kuzipeleka. Nikazitia friza nije kuzitumia Ramadhani. Bamia nilizikatakata kabisa tayari kwa mchuzi, mchicha nikauosha nikaufunga, biringani na tungule vile vile. Sasa nikizitoa bamia ni kamasi tupu, mchicha unanuka kama majani makavu ya ng'ombe, biringani jeusi. Tungule ndio afadhali. Wengine wananambia nizitokose kwanza, sasa si zitakuwa zimeshaiva? Na umeme ukikatika inakuwaje?

JIBU: Waalaykum salaam dada. Friza yako haina kosa, na hao wanaokwambia uzitokose wako sawa ila naona hawakukwambia kwa muda gani, na hapo kwenye muda ndio penye kazi yenyewe. Mboga ukishaichuma haijafa, ndani mna vimeng'enya, ndivyo vinavyoikomaza na baadae vinaiharibu, na baridi ya friza inavipunguza kasi tu haivimalizi, kwa hiyo mchicha wako siku zote hizo ulikuwa unaendelea kuharibika polepole humo humo, rangi inakwenda, ladha inakwenda, ndio hiyo harufu unayoisikia. Dawa yake ni moto. Dakika chache za maji yanayochemka kweli kweli halafu unaipoza hapo hapo kwa barafu ili moto usiendelee kuipika. Haiivi, inabaki ngumu ngumu, utakuja kuimalizia kwenye sufuria siku ya kula.

Teleka sufuria kubwa, kama lita 4 za maji kwa nusu kilo ya mboga, najua utaona maji mengi lakini ndio makusudi, maji yakiwa kidogo ukitia mboga yanapoa. Yakichemka tia, funika, na hesabu dakika kuanzia pale yanapochemka tena. Yakipita dakika moja hayajarudi kuchemka basi umetia nyingi, punguza. Mchicha dakika 2. Bamia ndogo dakika 3, zile nene 4. Karoti zilizokatwa 2, maharage mabichi ya maganda 3. Biringani kata vipande vyembamba, dakika 4, na maji yake utie nusu kikombe cha maji ya ndimu, bila ndimu litakuwa jeusi tu. Tumia saa au simu, usikisie, maana ukizidisha ladha na vitamini zinabaki kwenye maji, na ukipunguza ndio mbaya zaidi hata kuliko kutotokosa kabisa, moto mdogo unavichangamsha vimeng'enya badala ya kuvimaliza. Barafu iwe tayari kwenye beseni kabla hujatia mboga motoni, na mboga ikae humo muda ule ule iliokaa kwenye moto. Halafu chuja vizuri. Mchicha ukamue kwa mkono, usiusage, fanya matonge ya mlo mmoja mmoja.

Sasa hizo bamia. Kosa ni kuzikata kabla. Bamia utelezi wake uko ndani kwenye vile vyumba vya mbegu, ukishavifungua halafu ukagandisha ndio unapata hiyo kamasi. Chagua changa, zile zinazovunjika ncha ukizikunja, kata kikonyo juu tu kwa kisu kikali bila kutoboa ndani, yaani usione tundu hata moja, zitokose nzima nzima, zipoze, zifute na kitambaa kikavu. Kuzikata utazikata siku ya kupika, na ukizikata zikiwa bado na barafu zinakatika safi mno.

Zikishakauka zitandaze kwenye sinia zisigusane, zikishaganda ndio uzitie kwenye mifuko ya zipu au makopo ya aiskrimu, hapo hazishikani, unatoa kiasi unachotaka. Mfuko utoe hewa yote kwa mkono, hewa ndiyo inayoleta yale mabaka makavu meupe. Kopo acha nafasi kidogo juu maana vitu vikiganda vinatanuka. Andika tarehe. Na usijaze friza kwa pupa siku moja, friza ya lita 100 itie kilo 3 au 4 kwa siku basi, ukirundika inaganda polepole, na kuganda polepole kunafanya vijiwe vikubwa vya barafu ndani ya mboga vinaipasua, ukiiyeyusha inalegea inatoa maji.

Tungule hazitaki kutokoswa, zioshe, zifute, zigandishe nzima, siku ya kupika zipitishe kwenye maji ya bomba ganda linavuka lenyewe. Kachumbari usahau lakini. Vitunguu na pilipili boga navyo kata tu utie. Matango na saladi kula au gawa.

Umeme. Friza iliyojaa ukiwa huifungui inashika baridi kama saa 48, ya nusu kama 24, kwa hiyo nafasi zilizobaki zijaze chupa za maji. Sie wa Unguja tuliokaa gizani miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 tunajua friza inavyoweza kugeuka kabati (nyie Pemba mlisalimika, mlikuwa bado na majenereta yenu), lakini kukatika kwa saa tano sita kusikutishe, tatizo ni watu kufungua fungua kuangalia kama vimeyeyuka. Gandisha kikombe cha maji, juu yake weka sarafu ya mia mbili, ukirudi safarini ukaikuta imezama ujue vitu viliyeyuka vikaganda tena wewe hupo, usivile. Mboga ambayo bado ina barafu ndani unaweza kuirudisha, itapungua uzuri tu. Iliyolala na joto itupe.

Kwa friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri mboga zilizotokoswa zinakaa vizuri miezi 8 mpaka 12, Ramadhani utaifikia inshaallah. Kama unachokiita friza ni kile kijumba cha juu ndani ya friji basi hesabu wiki chache tu. Kupika usiyeyushe kwanza, tia ikiwa barafu moja kwa moja kwenye mchuzi uliokwisha kuchemka, na tui litie mwisho kwa sababu mboga inatoa maji.

Na kisamvu, hukuuliza lakini najua kipo hapo nyuma ya nyumba: hicho dakika mbili hazikitoshi. Kitwange, kichemshe mpaka kiive kabisa, ndio ukigandishe. Kile kina sumu yake na baridi haiiondoi.