Maswali yenu: daladala, punda na nazi

Dereva akifunga breki ghafla, ni nini kinachotusukuma mbele? (Abiria, Mbagala)

Hakuna kinachowasukuma. Mlikuwa mnakwenda kwa mwendo uleule wa gari. Breki zimelikamata gari, ninyi hazikuwashika. Mwili unaendelea na safari yake mpaka kitu kiuzuie: bomba, mkanda au mgongo wa jirani. Ndiyo kanuni ya kwanza ya mwendo, aliyoichapisha mwanasayansi Mwingereza Isaac Newton mwaka 1687. Makonda wanaijua bila kusoma: mtazame anavyojiegemeza nyuma gari likikaribia kituo.

Nikimpakata mwanangu kiti cha mbele, mikono yangu haitoshi? (Mama wa mmoja)

Haitoshi dada yangu, hata ungekuwa na mikono ya kuli wa bandarini. Tupige hesabu. Mtoto ana kilo 10, gari liko kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mwendo unapungua kwa kiwango cha mita 140 kwa sekunde, kila sekunde. Kanuni ya pili ya Newton inataka uzidishe hiyo kwa kilo zake: nyutoni 1,400 (nyutoni ni kipimo cha nguvu). Ni kama kudakishwa mzigo wa kilo 140 bila kuambiwa. Mtoto atakuponyoka tu.

Na kama wewe mwenyewe hukufunga mkanda, kuna baya zaidi: unarushwa mbele pamoja naye, yeye akiwa katikati yako na dashibodi. Mweke kiti cha nyuma, kwenye kiti chake cha watoto, afungwe mkanda. Akilia, alie.

Punda anavuta mkokoteni, na mkokoteni unamvuta punda kwa nguvu ileile. Mbona unasogea? (Mwanafunzi, Dodoma)

Swali zuri, na wengi huliogopa kwenye mtihani. Nguvu hizo mbili ni sawa kweli, ila haziko kwenye kitu kimoja: moja imeushika mkokoteni, nyingine imemshika punda. Kwa hiyo hazifutani. Ukitaka kujua kama mkokoteni utaondoka, hesabu zinazougusa wenyewe tu: punda anavuta mbele, msuguano wa magurudumu unarudisha nyuma. Anayezidi ndiye mshindi.

Punda naye anapata wapi nguvu? Chini. Kwato zinaisukuma ardhi nyuma, ardhi inamsukuma yeye mbele. Mpeleke kwenye tope la utelezi, kwato zikose pa kushika, uone kama kiboko kitasaidia.

Tairi kipara lina ubaya gani kama lami ni nzuri? (Bodaboda, Kisumu)

Lami ikiwa kavu, unaweza usione tofauti. Mvua ikinyesha, ile mifereji ya tairi ndiyo inayotoa maji njiani. Bila hiyo unaelea juu ya maji, na breki haina cha kukamata. Badilisha.

Nazi na kuti vikianguka pamoja, kipi kinawahi chini? (Babu, Pangani)

Nazi, mzee wangu, lakini si kwa sababu ya uzito. Kuti ni pana, hewa inalikinga. Mwaka 1971 David Scott, mwanaanga Mmarekani wa safari ya Apollo 15, aliachia nyundo na unyoya mwezini, kusiko na hewa, vikatua pamoja. Hapa kwetu, nazi ikitoka mita 20 juu hutumia kama sekunde mbili na kufika chini kwa karibu kilomita 70 kwa saa. Mkeka utandike kwingine.