Kalori Zinazoonekana Kwenye Mashine Zisikupangie Chakula

Katika kazi yangu ya kufundisha mazoezi hapa Dar es Salaam, swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi hutoka kwa mtu ambaye bado anahema, kidole amekielekeza kwenye kioo cha mashine: "Kocha, hapa naona nimechoma kalori 600, sasa leo naruhusiwa kula nini?" Naliheshimu swali hilo, kwa sababu anayeuliza amejituma kwelikweli na anataka jasho lake lizae matunda. Jibu langu halibadiliki: tarakimu hiyo ni makisio tu, na asiichukue kuwa kibali cha kuongeza sahani.

Maabara zinapotaka kujua nishati anayotumia mtu, humvalisha barakoa inayokusanya pumzi yake na kupima oksijeni aliyotumia, kwa kuwa kila lita moja ya oksijeni huambatana na takriban kilokalori 5, ambazo kwa mazoea tunaziita kalori tu. Tredimili, yaani mashine ya kutembea au kukimbia juu ya mkanda, haina uwezo huo. Inachokijua ni kasi ya mkanda, mwinuko na uzito uliouingiza, na usipouingiza, hukokotoa kwa uzito wa mtu wa kukisia aliyewekwa na mtengenezaji. Kwa hiyo mama wa kilo 55 na baba wa kilo 95 wakianza kutembea bila kujaza chochote, wataoneshwa kalori zilezile, ingawa miili yao imefanya kazi tofauti kabisa. Wapo pia wanaopandisha mwinuko hadi juu kisha wakauegemeza mwili kwenye vishikio. Mashine huwahesabia mlima mzima, ilhali mikono ndiyo imebeba sehemu ya mzigo.

Saa ya mkononi ina habari zaidi, kwani humulika mwanga kwenye ngozi na kusoma mapigo ya moyo. Tatizo huanza pale inapoyageuza mapigo hayo kuwa kalori. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya kuvijaribu vifaa 7 vya mkononi kwa watu 60. Vifaa 6 vilisoma mapigo kwa kosa lisilozidi asilimia 5, lakini kwa upande wa nishati, hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya zaidi kilikosea kwa asilimia 93. Waliona pia kwamba makosa ya vifaa yaliongezeka kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi, jambo ambalo sisi hatupaswi kulipuuza. Zaidi ya hayo, moyo hupiga mbio kwa sababu nyingi zisizohusiana na kazi ya misuli: joto la Februari hapa pwani, kiu, kahawa, hata wasiwasi.

Kuna kasoro nyingine ambayo wengi hawaifikirii, nayo kwangu ndiyo inayopotosha zaidi. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, atatumia takriban kilokalori 245 kwa saa nzima. Hata hivyo, angekaa tu kwenye kiti kwa muda huohuo, mwili ungetumia takriban 70 ili kuendesha moyo, mapafu na ubongo. Faida halisi ya matembezi ni 175, ilhali mashine nyingi humwonesha jumla yote. Soda moja ya mililita 300, yenye sukari ya gramu 30 hivi, hurudisha takriban kilokalori 120 kati ya hizo.

Utafiti uliofanyika nchini mwetu umenifundisha tahadhari zaidi. Mwaka 2012, mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, watu ambao hutembea mwendo mrefu kila siku wakiwinda, wakichimba mizizi na kutafuta asali. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa nchi za Magharibi. Inaelekea mwili hubana matumizi mahali pengine unapozoea kazi nyingi, na hilo hakuna saa inayoweza kulionesha.

Simwambii mtu aitupe saa yake. Itumie kujilinganisha na wewe mwenyewe, kwa kifaa kilekile na zoezi lilelile: ukitembea umbali uleule kwa kasi ileile na mapigo yakawa chini kuliko mwezi uliopita, umepiga hatua. Baiskeli ya mazoezi inayopima wati kwa usahihi ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa kuwa hupima kazi iliyofanywa na miguu. Kuhusu chakula, pima uzito asubuhi kabla ya kula, siku kadhaa kwa wiki, pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, kisha rekebisha sahani kwa kufuata mwelekeo wa wiki tatu au nne. Uzito ukishapungua, ingiza uzito mpya kwenye saa, maana mwili mwepesi hutumia nishati kidogo kwa matembezi yaleyale.