Ukitafuta ukoo kwenye sensa za Marekani, soma ukurasa mzima

Tangu niolewe kwenye familia ya Wamarekani Weusi, kazi ya kuutafuta ukoo wa mume wangu imeniangukia mimi, nami naipenda kwa moyo wote. Wenzangu wa Afrika Mashariki mliooa au kuolewa huku huniuliza pa kuanzia. Anzia kwa wazee. Mimi nilikaa na mama mkwe na daftari, nikaandika majina ya wazazi wake, ya babu na bibi zake, majina ya utani, kaunti waliyotoka kule Georgia, na lini walihamia Detroit.

Sensa huku hufanyika kila baada ya miaka 10 tangu 1790, na majina hufungwa kwa miaka 72. Kwa hiyo ya karibuni kabisa unayoweza kuisoma ni ya 1950, iliyofunguliwa Aprili 2022. Sisi tumezoea sensa ya kutangaziwa jumla ya watu; hapa unaona karatasi yenyewe, mwandiko wa karani, kaya baada ya kaya. Tovuti ya ukoo ya FamilySearch wanazo bure, ukishajisajili. Anza na 1950, urudi 1940, 1930, bila kuruka. Ile ya 1940 iliuliza mtu aliishi wapi mwaka 1935, swali la maana sana kwa familia zilizohama kutoka majimbo ya Kusini. Tena karani alitia alama ya X ndani ya duara kwenye jina la aliyemjibu. Miaka ya nyuma hujui nani alijibu, pengine jirani, ndiyo maana bibi yuleyule anaweza kuzeeka miaka 6 tu kati ya sensa mbili. Usimkatae mtu kwa umri au kwa herufi. Jina la ukoo likigoma, mimi huliacha kabisa, nikatafuta kwa majina ya watoto na umri wao ndani ya kaunti ileile.

Ukishaipata kaya, fungua picha ya karatasi, usiridhike na muhtasari uliochapwa. Sensa ya 1900 ina safu mbili nyembamba ambazo muhtasari mara nyingi huziacha: mama amezaa watoto wangapi, na walio hai ni wangapi. Kwa mama mzazi wa bibi yake mama mkwe, karani aliandika 9, kisha 5. Wale watano mama mkwe anawataja wote kwa majina. Wale wanne hakuwahi kusikia habari zao. Alinyamaza, akaomba simu, akampigia dada yake mkubwa palepale kumuuliza kama bibi aliwahi kusema neno.

Sensa ya 1890 msiihangaikie. Sehemu kubwa iliharibika kwenye moto wa Washington Januari 1921, na mabaki yakateketezwa baadaye. Pengo hilo huwameza mabinti hasa: aliyekuwa mtoto kwa baba yake 1880, mwaka 1900 yuko kwa mumewe na jina jingine. Daftari za ndoa za kaunti ndizo zitakazowaunganisha.

Kisha mnafika 1870, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Ndiyo sensa ya kwanza iliyowaandika kwa majina watu waliokuwa watumwa. Ila haisemi nani ni mke, nani mtoto, nani mpwa; safu ya uhusiano na mkuu wa kaya iliingia 1880. Hapa soma kurasa za kabla na za baada. Nakili kila kaya ya jirani yenye jina la ukoo lilelile, Weusi kwa Weupe, maana Mweusi anaweza kuwa ndugu na Mweupe anaweza kuwa ndiye aliyekuwa mmiliki. Mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa kwenye karatasi za peke yake: jina la mmiliki, halafu umri, jinsia na rangi, majina yao wenyewe hayamo isipokuwa kwa nadra sana. Kuzisoma kunaumiza, jipe muda. Na umri ukilingana, usiseme umempata babu. Nenda kwenye daftari za mirathi za kaunti, utafute orodha ya mali aliyoacha mmiliki. Humo majina ya watu huwa yameorodheshwa pamoja na nyumbu na vitanda, kila mmoja na bei yake.

Kuna na hazina nyingine, kumbukumbu za benki ya Freedman's, benki ya akiba ya watu waliotoka utumwani, iliyofanya kazi kuanzia 1865 hadi 1874. Mteja aliulizwa alikozaliwa, majina ya wazazi, ya ndugu, wakati mwingine hata la aliyekuwa mmiliki wake. Kwa Georgia ilikuwa na matawi Atlanta, Augusta na Savannah. Msimtafute humo babu yenu peke yake. Watafuteni na wale majirani mliowanakili kwenye sensa ya 1870, maana aliyefungua akaunti na kuwataja wazazi anaweza kuwa kaka yake aliyekuwa akikaa nyumba ya tatu.