Kulala kwenye machela na familia Dodoma: anza na miti

Mkuu, umeuliza kama inafaa kuchukua mke na watoto wawili, wa miaka tisa na sita, mkatembea na mabegi mgongoni likizo ya mwezi wa sita, na usiku mkalala kwenye machela, vile vitanda vya kitambaa vinavyoning'inizwa kati ya miti miwili. Wengi hapa wamekujibu habari za fisi na nyoka. Mimi nalala hivyo na familia yangu huku kanda ya kati, na kwa ninavyojua, kinachoamua safari ni miti. Watu huchagua kwanza mandhari, wakifika ndipo wanaanza kutafuta pa kufunga. Wewe fanya kinyume chake.

Ukitoka mjini upande wowote utakutana na mibuyu na migunga. Mbuyu unavutia sana kupiga picha, ila kwa machela haufai: shina lake ni nene, mkanda hauzunguki, na matundu yake hupendwa na nyuki. Mgunga una miiba, na mingi imelala chini ikikusubiri ushuke saa nane usiku kwenda kukojoa. Halafu kuna mizinga. Wafugaji wa nyuki wa Dodoma na Singida hutundika mizinga kwenye miti ileile ambayo wewe unaiona ina kivuli kizuri. Kabla hujafunga kamba hata moja, zunguka eneo lote ukiangalia juu, tena wakati jua lingali kali, nyuki wakiwa kazini. Ukiona mzinga, hama, hata kama watoto wamechoka na wananung'unika. Nyuki wetu wakichokozwa hawafukuzi mtu mmoja.

Mti mkavu usiuguse. Mchwa huula ndani na kuacha gamba la nje likiwa zima, unaonekana imara kumbe ni ganda. Tafuta mti mbichi, shina lenye unene wa sentimita 15 au zaidi, na juu yake pasiwe na tawi lililokauka. Umbali kati ya mti na mti uwe mita nne hadi tano.

Kwa hiyo mimi ningekupeleka vilima vya Kondoa, upande wa Kolo, kama kilomita 180 kaskazini mwa Dodoma mjini kwa lami ya Babati. Kule kuna miyombo, mashina yamenyooka, miiba michache. Na ujue kwamba sehemu kubwa ya uoto wa Kondoa umerudi baada ya ardhi kuliwa vibaya na mmomonyoko. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule wazee wanaouita HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Watu walihamisha ng'ombe wao ili miti ile iote. Kwa hiyo tafadhali, usifunge waya wala kamba nyembamba inayokata gamba. Tumia mikanda mipana ya kufungia mizigo kwenye malori, upana wa sentimita mbili na nusu kwenda juu. Inapatikana maduka ya vipuri vya magari, haivutiki ovyo, na haiumizi mti.

Sasa ufungaji, maana hapa ndipo watu huumia mgongo kisha wakalaumu machela. Wengi huikaza mpaka inanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Machela inatakiwa ilegee. Mkanda ushuke kutoka kwenye mti kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, ukipima kutoka mstari uliolala sawa na ardhi. Kwa pembe hiyo, mtu wa kilo 80 anauvuta kila mkanda kwa nguvu ya kama kilo 80. Ukikaza mpaka pembe ibaki nyuzi 10, mvuto ule unafika karibu kilo 230 kila upande, na hapo ndipo mishono hufumuka na miti myembamba hupinda. Ikishalegea, usilale katikati kama ndizi. Lala kimshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili, mgongo unanyooka na magoti hayaumi. Kwa mtu mzima kitambaa kiwe na urefu wa mita tatu na zaidi. Fundi cherehani yeyote mzuri wa Majengo, pale Dodoma mjini, anaweza kukushonea ukimpelekea kitambaa cha nailoni kisichochanika, na za watoto ukafupisha.

Watoto wafungie machela zao chini chini. Ukikaa kwenye machela, kitambaa kisizidi kimo cha magoti yako, na cha mtoto kiwe chini zaidi. Usipange moja juu ya nyingine hata wakikuomba kwa machozi. Kila mtoto na yake, maana wawili wakilala pamoja wanaviringikiana katikati na hakuna anayelala. Wa miaka sita ataweza vizuri kabisa. Mwenye mtoto mchanga anayesoma hapa, wa kwako alale na mama yake kwenye hema, mahali bapa.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii Dodoma ni baridi, na mwezi wa sita na wa saba ndiyo yenyewe. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, vilimani chini ya hapo, na upepo hauchoki. Kwenye machela baridi inaingia kwa chini. Blanketi unalolalia linabanwa na uzito wako, hewa yote inatoka, halikusaidii kitu. Mtu anajifunika mablanketi mawili juu na bado mgongo unaganda. Weka kati yako na kitambaa mkeka wa sponji, ule mwembamba wa mazoezi unatosha, au shonea blanketi lining'inie nje, chini ya machela, bila kubanwa. Shuka la Kimasai ni zuri la juu. Watoto wavae soksi na kofia. Upepo wa miezi hiyo hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo turubai lifunge ubavu wake mpana uelekee huko, hata kama mvua hakuna. Huku mvua ni ya Desemba hadi Aprili, Juni turubai ni la upepo tu.

Maji yatakuumiza kichwa kuliko vyote. Lita moja ni kilo moja, na kwa kunywa na kupika hesabu lita nne kwa kila mtu kwa siku. Familia yako inahitaji lita 16 kwa siku, na makorongo ya huku mwezi wa sita ni mchanga mtupu. Wa miaka sita asibebe zaidi ya kilo mbili. Ndiyo maana nakushauri usihamehame: weka kambi moja karibu na gari, acha madumu hapo, mchana tembeeni na mizigo myepesi. Chakula kisikutese. Mlenda mkavu wa unga hauna uzito, ukiuweka kwenye maji yanayochemka na karanga za kusaga unapata mboga ya familia nzima. Watoto wape zabibu na karanga njiani. Pikeni kwa jiko dogo la gesi, si kuni, kwa sababu nyasi za Juni na ule upepo zinawaka kabla hujageuka.

Vibali usivipuuze. Pale Kolo anzia ofisi inayosimamia michoro ya kale ya miambani, ujiandikishe na upewe mwongozaji, na umuulize ni wapi mnaruhusiwa kulala. Kwingineko nenda kwa mtendaji wa kijiji kwanza. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na wenyeji bado hufanya matambiko kwenye baadhi ya mapango, kwa hiyo machela isikaribie mwamba wenye michoro. Waambie watoto mapema: kutogusa, kutomwagia maji ili rangi ionekane kwenye picha. Wapandishe asubuhi, kilima ni kikali na jua la mchana litawavunja moyo.

Wenyeji wa Kondoa ni wakarimu, mnaweza kukaribishwa kulala ndani. Kwenye tembe za zamani, zile nyumba za udongo, kuwa mwangalifu na papasi, aina ya kupe wa ndani ya nyumba, wanaleta homa ya vipindi, ile inayoondoka na kurudi. Machela inakuepusha nao, lakini begi likilala sakafuni wanaingia humo, basi litundike nalo. Neti yenye dawa ivike machela nzima, mbu huuma hata kwa chini kupitia kitambaa.

Kabla ya yote, tafuta miembe miwili, nyumbani au kwa ndugu, watoto na mama yao walale usiku mmoja pale. Mama yao akiamka hajapigwa baridi, Kolo mtaenda. Akiamka anatetemeka, ongeza sponji kwanza, mjaribu tena.