Kabla hujalaumu nenosiri, tazama saa

Mara tatu nilifuta, mara tatu nikasakinisha upya, na kila mara Inventory Service (sehemu inayotunza orodha ya mashine) ilikaribia mwisho ikagoma kujisajili kwa SSO, sehemu inayothibitisha wanaoingia. Ilikuwa vCenter 5.5, programu ya VMware ya kusimamia mashine pepe (kompyuta zinazoishi ndani ya seva), ile ya mwaka 2013 inayokaa juu ya Windows, katika ofisi moja hapa Mlandege, Unguja. Kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Usiku wake umeme ulikatika. Asubuhi seva yenye ESXi, mfumo unaobeba mashine pepe, iliwaka na saa iliyorudi nyuma miaka, betri ya bodi imekufa. Nikaenda Darajani kununua nyingine, ile ya duara kama sarafu, CR2032. Nikaipachika, nikatazama saa ya mkononi: saa nne asubuhi. Nikaandika 10:00 kwenye saa ya bodi, nikaona nimemaliza. Kumbe ESXi haina habari na Unguja. Saa ya kwenye bodi inaihesabu kuwa ni UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu, kwa hiyo ndani ya mashine pepe ya vCenter ikawa saa saba mchana. SSO nilikuwa nimeiweka kwenye kompyuta nyingine, yenye saa sahihi. Tokeni ya SSO, yaani kibali cha kuingilia, ina muda wake wa kuanza na wa kuisha. Saa zikipishana hivyo, inakataliwa.

Ujumbe wa kosa haukutaja saa hata kidogo. Nikaliandama nenosiri la administrator@vsphere.local, nikalibadilisha mara mbili, nikazima na faiawoli. Kilichonizindua ni adhana. Muadhini anaadhini adhuhuri, natupa jicho pembeni mwa skrini: 15:28. Seva yangu inajiandaa kwa laasiri!

Siku hizi sifungui kisakinishi mpaka nimeweka ESXi na Windows zichukue saa kutoka chanzo kimoja cha NTP, huduma ya kulinganisha saa kwenye mtandao. Na ukilazimika kuiandika saa ya bodi kwa mkono, toa tatu: saa nne asubuhi yetu ni 07:00. Kisha jaribu amri ya nslookup, kwenda na kurudi: jina litoe IP, na IP itoe jina. Kwenye anwani ya Lookup Service ya 5.5 (ndiko sehemu nyingine huipata SSO), poti 7444, andika jina kamili la mashine, maana cheti chake cha usalama kimebeba jina.

Mpangilio wa kusakinisha 5.5 ni SSO, halafu Inventory Service, halafu vCenter. Poti za Inventory Service, 10443, 10109 na 10111, ziache zilivyo. Ukiulizwa ukubwa, chagua mdogo, wa seva zisizofika 100. Mie sijaiona ofisi ya Unguja yenye seva 100.

Toleo la 7.0 la mwaka 2020 liliachana na Windows kabisa, na SSO imo humo humo ndani ya vCenter. Lakini swali la NTP bado linaulizwa. Rafiki yangu wa Chake Chake aliliruka wiki iliyopita, akanipigia: “Sheikh, nenosiri linakataliwa.” Nikamwambia anisomee kwanza saa ya seva.